TANSIO NA FIGO: WAJUMBE WA DAMU NA ALAMA ZA KWANZA

(Mazungumzo na wagonjwa wa tansio, walinzi wa wagonjwa na wanafunzi wa uuguzi, Luofu)



Tunapopima tansio, mara nyingi mambo yanakwenda hivi. Mtu ananyoosha mkono, tunafunga kitambaa, tunapiga hewa, kiisha tunasema: "Baba, ni 17 juu ya 10." Naye anajibu: "Lakini mimi niko muzima. Hakuna fasi inaniuma. Dawa ni ya kazi gani?" Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu. Jibu lake liko ndani ya figo, na ndani ya wajumbe wadogo wanaotembea katika damu. Wajumbe hao wanaitwa homoni. Mkiwaelewa, mtajua sababu gani wewe unapewa dawa hii na jirani yako dawa nyingine. Tena mtajua sababu gani tunawaomba mkojo hata kama mmekuja kwa ajili ya tansio tu.

1. KAZI YA FIGO

Kila mtu ana figo mbili, upande wa mgongo, chini ya mbavu. Kila moja ina ukubwa wa ngumi. Aliyechinja mbuzi anajua sura yake. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo karibu milioni moja. Kwa siku moja vinachuja maji ya damu karibu litri 180. Karibu maji yote hayo yanarudi katika damu, na litri moja na nusu hivi ndiyo inatoka kuwa mkojo.

Wengi wanafikiri figo ni ya mkojo tu. Sivyo. Figo inashika hesabu ya chumvi na maji ya mwili mzima, na kwa hiyo inashika hesabu ya tansio. Fikirini bomba la maji. Nguvu ya maji ndani ya bomba inapanda kwa njia mbili: maji yakizidi, au bomba likibanwa. Damu ndani ya mishipa ni vile vile. Na figo inaweza kuongoza njia zote mbili.

2. WAJUMBE WA FIGO

Mwaka 1898, katika mji wa Stockholm, mwalimu Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo ya sungura, wakatia maji yake katika mshipa wa sungura mwingine. Tansio ya yule sungura ikapanda. Basi wakajua ya kwamba figo yenyewe inatoa kitu kinachoingia katika damu. Wakakiita renini. Kwa miaka mingi watu hawakujali sana habari hiyo. Lakini mwaka 1934, huko Marekani, munganga Harry Goldblatt alionyesha ya kwamba ukibana mshipa unaopeleka damu kwenye figo ya mbwa, tansio yake inapanda na kubaki juu. Hapo watu wakarudi kuitazama figo.

Siku hizi tunajua safari ya wajumbe hao. Isikilizeni polepole.

Mtu akipungukiwa na damu, maji au chumvi, kama vile kwa kuhara sana, figo inaona ya kwamba damu inayofika ni kidogo. Inamtuma mjumbe wa kwanza, ndiye renini. Renini inakuta katika damu kitu kilichotoka katika ini, inakikata. Kile kipande kikipita katika mapafu kinakatwa tena, na sasa kinakuwa mjumbe mwenye nguvu sana anayeitwa anjiotensini. Huyu anafanya kazi mbili. Kwanza anabana mishipa, na tansio inapanda. Pili anakwenda kwenye tezi ndogo iliyokaa juu ya figo kama kofia, anaiamuru kutoa mjumbe wa tatu, ndiye aldosteroni. Aldosteroni inarudi kwenye figo na kusema: "Shika chumvi, usiiache itoke!" Chumvi ikishikwa, maji yanashikwa pamoja nayo. Na mahali pa chumvi ile, figo inatupa potasiamu katika mkojo.

Mpango huo ni mwema. Bila huo, mtu aliyetoka damu nyingi wakati wa kuzaa asingeweza kungoja msaada hata kwa muda mfupi. Ubaya unaanza pale wajumbe wanapopiga kelele bila sababu, au pale figo inaposhika chumvi hata bila kuamriwa.

3. RENINI INAPOLALA

Mwili ukiwa na chumvi na maji ya kutosha, figo haina haja ya kumtuma renini. Renini inalala. Basi, waganga walipopima renini katika damu ya watu weusi wenye tansio, huku Afrika na hata Marekani, walikuta ya kwamba kwa wengi renini iko chini. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kwa watu hao tansio haiko juu kwa sababu ya wajumbe wanaobana mishipa. Iko juu zaidi kwa sababu figo inashika chumvi na maji kupita kiasi. Bomba limejaa.

Lakini wote si sawa. Munganga akipima renini na aldosteroni pamoja, anaweza kuwagawa wagonjwa katika makundi matatu:

(a) Renini chini, aldosteroni chini. Huyu figo yake inashika chumvi yenyewe. Anasaidiwa na kupunguza chumvi na dawa ya kukojolesha.

(b) Renini chini, lakini aldosteroni juu. Hapa tezi ile ya juu ya figo inafanya kazi bila kutumwa. Mtu wa kwanza kueleza ugonjwa huu vizuri ni munganga Jerome Conn wa Marekani. Mwaka 1954 alikuwa na mgonjwa, mama wa miaka 34, mwenye tansio ya juu na misuli iliyolegea. Katika tezi yake mlikutwa uvimbe mdogo, ukaondolewa, na mama akapona. Wengine wa kundi hili hawahitaji kupasuliwa, wanasaidiwa na dawa ya spironolaktoni inayomzuia aldosteroni.

(c) Renini juu. Huenda mshipa wa figo umebanwa, au figo imekwisha kuumia. Hapa dawa za kukata njia ya anjiotensini zina nguvu, kama enalaprili na losartani. Lakini ikiwa mishipa ya figo zote mbili imebanwa, dawa hizo zinaweza kuiangusha kazi ya figo, ndiyo maana munganga anaangalia damu kwanza.

Je, kugawa watu namna hii kunasaidia kweli? Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya kazi iliyofanywa katika Kenya, Nigeria na Afrika ya Kusini. Walichukua wagonjwa 105 ambao tansio yao ilikataa kushuka. Wengine walitibiwa kwa desturi. Wengine walipimwa renini na aldosteroni, wakapewa dawa kwa kufuata kundi lao. Baada ya mwaka, kati ya waliotibiwa kwa desturi, 11 tu katika 100 tansio yao ilikuwa imeshuka vizuri. Kati ya wale waliofuata homoni zao, ilikuwa 50 katika 100. Hesabu ya wagonjwa ilikuwa ndogo, lakini tofauti hiyo ni kubwa.

4. SISI TUFANYE NINI?

Najua mnawaza: "Muuguzi, vipimo hivyo tutavipata wapi?" Ni kweli, kupima renini si kazi ya laboratwari ndogo. Inahitaji mashine ya bei kali. Namna ya kuchukua na kutunza damu ni ngumu, na matokeo yanabadilika kwa chumvi uliyokula, kwa kulala au kusimama, na kwa dawa unazomeza.

Lakini msikate tamaa. Elimu iliyopatikana kwa vipimo hivyo imekwisha kutufikia katika dawa zenyewe. Mwaka 2019 ilitangazwa kazi kubwa zaidi, ya wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, pamoja na jirani zetu Uganda na Kenya. Walilinganisha dawa mbili mbili. Waliokuta amlodipini ndani ya dawa zao, ikiwa pamoja na dawa ya kukojolesha au pamoja na perindoprili ambayo ni ndugu ya enalaprili, tansio yao ilishuka zaidi kuliko wale waliopewa perindoprili na dawa ya kukojolesha bila amlodipini.

Ndiyo sababu wengi wenu mnaanza na amlodipini, au na hidroklorotiazidi ya kukojolesha. Si kwa kuwa ni dawa za watu maskini. Ni kwa kuwa zinafaa kwa mwili wenye renini iliyolala.

Ninyi wanafunzi, andikeni pia alama zinazotufanya tumtume mgonjwa mbali kwa vipimo vya homoni: kijana mwenye tansio kali, mtu anayemeza dawa tatu kila siku bila kukosa na tansio haishuki, mtu ambaye potasiamu yake iko chini, naye anasikia misuli imelegea.

5. ALAMA YA FIGO TUNAYOWEZA KUIONA

Sasa tunafika pa hatari. Tansio inaumiza figo, na figo iliyoumia inapandisha tansio zaidi. Mambo hayo mawili yanazunguka, na mtu hasikii kitu.

Katika Kinshasa, munganga Ernest Sumaili na wenzake walipima watu wazima wapatao 500, wakatangaza habari mwaka 2009. Karibu watu 12 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa figo. Na kati ya wagonjwa hao, 3 tu katika 100 ndio walijua ya kwamba wanaugua. Hao wengine wote walikuwa wakienda sokoni na kazini, wakisema: "Niko muzima."

Sababu gani hawajui? Kwa sababu vichujio ni vingi. Nusu vikifa, vinavyobaki vinafanya kazi ya vyote. Hata kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini kinaweza kuonekana kizuri mpaka karibu nusu ya nguvu ya figo imepotea. Miguu inapovimba, mtu anapotapika na kukosa hamu ya kula, mara nyingi ugonjwa umekwenda mbali. Wakati huo damu pia inapungua, kwa kuwa figo ndiyo inatoa homoni ya eritropoetini inayoagiza mifupa kutengeneza damu. Kisha kinabaki kusafisha damu kwa mashine, kwa desturi mara tatu kwa juma, maisha yote. Nani kati yetu anaweza kuuza mashamba mangapi kwa kazi hiyo?

Lakini kuna alama inayotangulia. Kichujio kizuri hakiachi protini ya damu, yaani albumini, ipite. Tansio ikikipiga kila siku, matundu yake yanalegea, na albumini inaanza kuvuja katika mkojo. Mtu mzima mwenye figo nzuri anapoteza chini ya miligramu 30 kwa siku. Kati ya 30 na 300, figo imeanza kuumia, na bandeleti ya kawaida mara nyingi haioni. Juu ya hapo, bandeleti inageuka rangi.

Kwa hiyo, kila mwenye tansio apimwe mkojo kwa bandeleti walau mara moja kwa mwaka, na mwenye kisukari pia. Bandeleti ikionyesha protini, usiogope papo hapo. Homa, kazi nzito, damu ya mwezi au ugonjwa wa njia ya mkojo vinaweza kudanganya. Tutarudia. Ikiwa protini inaonekana tena na tena kwa miezi mitatu, basi figo inaumwa kweli, hata kama hausikii kitu.

Kwa mtu huyu dawa zinabadilika. Enalaprili peke yake inashusha tansio yetu kidogo. Lakini ina kazi nyingine. Anjiotensini inabana mlango wa kutokea wa kila kichujio, na nguvu ya damu inarundikana ndani. Enalaprili inaufungua mlango huo, kichujio kinapumzika, protini inapungua. Kazi iliyofanywa huko Marekani kwa watu weusi 1,094 wenye tansio na figo zilizoumia, ikatangazwa mwaka 2001 na 2002, ilionyesha ya kwamba ramiprili, ndugu mwingine wa enalaprili, ililinda figo kuliko amlodipini. Basi mwenye protini katika mkojo anahitaji dawa ya namna hii, na mara nyingi nyingine pamoja nayo ili tansio ishuke.

Dawa hizi za kukata njia ya anjiotensini zina masharti, yashikeni sana:

- Mama mwenye mimba asizimeze. Zinamwumiza mtoto tumboni. Ukikosa kuona mwezi, kuja haraka tukubadilishie dawa.
- Midomo au ulimi ukivimba, acha dawa na ukimbilie hospitali siku ile ile.
- Enalaprili ikikuletea kikohozi kikavu kisichoisha, tuambie. Kuna losartani.
- Ukihara au kutapika sana, simamisha kwanza na uje kuuliza.
- Usichanganye na diklofenaki au ibuprofeni za dukani. Hizo zinaumiza figo.
- Damu ipimwe juma moja au mawili baada ya kuanza, kreatinini na potasiamu.

6. CHUMVI

Wazee wetu walitafuta chumvi mbali. Watu walikwenda mpaka Katwe, ng'ambo ya Kasindi, upande wa Uganda, na chumvi ilikuwa mali. Leo iko katika kila duka, tena imejificha katika Maggi, katika samaki ya chumvi ya Vitshumbi, katika makayabu. Wajumbe wetu, renini na aldosteroni, ni watumishi wa kushika chumvi pale inapokosekana. Hawakuzoea wingi.

Mwaka 1929, munganga Donnison alitangaza ya kwamba alipima watu elfu moja katika Kavirondo, nchi ya Kenya, na tansio yao haikupanda kwa uzee. Mwaka 1990 wengine walieleza habari za vijana Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi. Katika miezi ya kwanza tu tansio yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki, na mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi na potasiamu kidogo. Watu walikuwa wale wale, chakula ndicho kiligeuka. Watoto wetu wanaokwenda Butembo na Goma wasikie neno hilo.

Kiasi kinachofaa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja kisichojaa, pamoja na ile iliyojificha. Mama akipika maharagi, apunguze chumvi polepole, na asiweke chumvi mezani. Samaki ya chumvi ailoweke, amwage maji, aloweke tena. Lengalenga, maharagi, viazi vitamu na ndizi vina potasiamu inayosaidia kushusha tansio. Lakini mwenye figo iliyoumia sana, au anayemeza spironolaktoni, aulize kwanza, kwa kuwa potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

7. MASWALI MNAYOULIZA MARA NYINGI

"Mgongo unaniuma, si ndiyo figo?" Mara nyingi sivyo. Jembe na mizigo ya kichwani vinachosha misuli ya mgongo. Figo inayoharibiwa na tansio haiumi. Usingoje maumivu ndipo upimwe.

"Wanasema dawa za tansio zinaua figo." Tansio isiyotibiwa ndiyo inaua figo. Dawa zina masharti, tumeyasema, lakini anayeziacha anaacha figo bila mlinzi.

"Tansio imeshuka, niache?" Hapana. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Wajumbe hawajaacha kazi yao.

"Tukikimbia vita?" Huku Lubero ya kusini tunajua kukimbia. Weka fishi yako na dawa za mwezi mmoja katika mfuko mmoja na karatasi zako, karibu na mlango. Ukifika ugenini, onyesha fishi kwenye kituo cha afya cha kwanza.

8. MAMBO YA KUSHIKA

1. Tansio ni kazi ya figo, na figo inaongoza kwa wajumbe wa damu: renini, anjiotensini, aldosteroni.
2. Kwa wengi wetu renini imelala na chumvi imejaa. Ndiyo sababu ya amlodipini na dawa ya kukojolesha.
3. Renini hatuwezi kuipima hapa, lakini mkojo tunaweza. Protini katika mkojo ni sauti ya kwanza ya figo.
4. Mtu mwenye protini anahitaji dawa ya kulinda figo, kwa masharti yake.
5. Tansio ya 14 juu ya 9 au zaidi, iliyopimwa siku mbalimbali, inatakiwa kutunzwa hata kama hakuna kinachouma.

Juma lijalo kila mwenye tansio alete chupa safi yenye mkojo wa asubuhi, na fishi yake. Mwenye ndugu nyumbani aliyepita miaka 40 ambaye hajapimwa kamwe, aje naye.